Virusi vinavyoua samaki wa baharini na jinsi wataalamu wanavyovifichua

WATU wengi wakisikia kwamba samaki wamekufa na kuelea juu ya maji, jambo la kwanza wanaloshuku ni sumu. Pengine kiwanda kimemwaga uchafu, wanasema, au mtu amevua kwa njia haramu. Ni wachache mno wanaofikiria kwamba samaki, sawa na kuku, ng'ombe na hata binadamu, huambukizana maradhi yanayoletwa na virusi.

Ukweli ni kwamba samaki huugua. Yako magonjwa ya virusi yanayoharibu damu yao, mengine hushambulia ubongo na macho, na mengine huwaotesha vinundu kwenye ngozi na mapezi. Ugonjwa huo wa vinundu, uitwao limfosisti, ulielezwa na wataalamu wa Ulaya tangu mwaka wa 1874. Kufikia 1914, mwanasayansi wa Ujerumani, Richard Weissenberg, alikuwa ameshasema kwamba huenda unasababishwa na virusi.

Zamani habari kama hizi ziliwahusu wasomi tu. Samaki aliyeliwa na watu wengi alitoka kwa mvuvi, na mvuvi hakuwa na haja ya kujua samaki wake alikuwa akiugua nini kabla ya kunaswa. Mambo yamebadilika. Kulingana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka wa 2022 ulikuwa wa kwanza ambapo wanyama wa majini waliofugwa walizidi wale waliovuliwa. Waliofugwa walifikia tani milioni 94.4, yaani asilimia 51 ya wote waliopatikana duniani.

Kwa hivyo mlo wa mamilioni ya watu sasa hutegemea mashamba ya majini, na mashamba hayo yana adui ambaye hawezi kuonekana kwa macho.

Msongamano ndio chanzo

Samaki anayeishi huru baharini akiugua hudhoofika, huachwa nyuma na wenzake na mara nyingi huliwa na samaki wakubwa kabla hajaambukiza wengi. Samaki wa kufugwa hana nafasi hiyo. Huwekwa kwenye kizimba cha nyavu au kidimbwi pamoja na maelfu ya wenzake, wote wa rika moja, wakipumua maji yale yale. Virusi hutoka mwilini mwa mgonjwa kupitia kinyesi, mkojo na ute wa ngozi, kisha huingia kwa jirani kupitia mashavu, kile kiungo chekundu ambacho samaki hutumia kuvuta hewa iliyo majini.

Methali yetu husema samaki mmoja akioza, wote huoza. Katika kizimba, mmoja akiugua leo, baada ya wiki chache mfugaji anaweza kujikuta akizika mtaji wake wote.

Aidha, maji ya bahari hayana ukuta. Mkondo unaopita kwenye shamba lililoambukizwa huendelea hadi shamba la pili. Mashua zinazobeba samaki, nyavu zinazoazimwa na damu inayomwagwa majini baada ya kuchinja, zote zinaweza kusafirisha ugonjwa.

Miaka 11 ya msako

Kisa kinachoonyesha vizuri ugumu wa kuvumbua virusi vya samaki kilianza Norway mwaka wa 1984. Kwenye pwani ya kusini magharibi mwa nchi hiyo, samoni wachanga walianza kufa katika shamba moja. Samoni ni samaki wa nchi za baridi ambaye huzaliwa kwenye maji ya mito, kisha huhamia baharini na kunenepa huko. Kwa Norway, samaki huyu ni kama chai ilivyo kwetu.

Samoni waliougua walikuwa wazito wa mwendo, macho yametokeza na mashavu yamepauka. Walipopasuliwa, matumbo yalikuwa yamejaa maji, ini limegeuka jeusi na damu imevuja ndani ya viungo. Damu yenyewe ilikuwa nyepesi. Katika samoni mwenye afya, chembe nyekundu huwa kiasi cha sehemu 40 au zaidi kati ya kila sehemu 100 za damu. Katika wagonjwa waliokuwa karibu kufa zilishuka hadi chini ya 10. Ndiyo maana maradhi hayo yalipewa jina la upungufu wa damu wa kuambukiza wa samoni, ambayo kwa kifupi huitwa ISA.

Wataalamu walisaga viungo vya samaki wagonjwa, wakawadunga wazima, nao wakaugua. Hiyo ilikuwa dalili kwamba kuna kitu cha kuambukiza. Hapakuwa na bakteria wala kimelea aliyeweza kulaumiwa, na shaka zote zikaelekea kwenye virusi. Lakini kushuku ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine.

Tatizo lilikuwa hili. Bakteria wengi wanaweza kuoteshwa maabarani kwenye kibakuli chenye chakula. Virusi haviwezi. Vyenyewe havina uhai wa kujitegemea, na sharti viingie ndani ya seli hai ndipo vizaane. Ili kuvichunguza virusi vya samaki, unahitaji kwanza kuwa na seli za samaki zinazoishi ndani ya chupa.

Seli za kwanza za namna hiyo zilizoweza kudumishwa kwa muda mrefu zilitangazwa mwaka wa 1962 na Wamarekani wawili, Ken Wolf na M. C. Quimby, waliozitoa kwenye viungo vya uzazi vya samaki aina ya trauti. Tangu hapo virusi vingi vya samaki vimegunduliwa kwa njia hiyo. Hata hivyo, kila aina ya virusi huchagua seli za kuingia, na virusi vya ISA vilikataa seli zote zilizokuwepo.

Jawabu lilipatikana mwaka wa 1995. Watafiti wa Norway, Birgit Dannevig, Knut Falk na Ellen Namork, walitumia seli mpya zilizotolewa kwenye sehemu ya mbele ya figo ya samoni, mahali ambapo samaki hutengenezea damu yake. Walizitunza kwenye baridi ya nyuzi 15 na kuzitilia majimaji kutoka kwa samaki wagonjwa. Seli zikaanza kufa. Majimaji ya seli hizo yalipodungwa kwa samoni wazima, waliugua ugonjwa ule ule.

Miaka 11 ilikuwa imepita tangu kisa cha kwanza. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba virusi hivyo ni vya jamii moja na vile vinavyoleta homa ya mafua kwa binadamu. Sawa na virusi vya mafua, taarifa zao za urithi zimegawanyika katika vipande 8.

Ugonjwa wadhibitiwa kabla ya kujulikana

Jambo la kushangaza ni kwamba Norway haikungoja jibu la maabara. Mwaka wa 1990 ndio uliokuwa mbaya zaidi, visa vipya vikiwa kama 80. Serikali na wafugaji waliamua kuchukua hatua kwa kufuata yale waliyokuwa wameyaona. Usafirishaji wa samaki hai kutoka shamba hadi shamba ulidhibitiwa. Maji machafu ya machinjio yalitiwa dawa kabla ya kurudishwa baharini. Samaki wa rika tofauti walitenganishwa, na mashamba yakaachwa matupu kwa muda kabla ya kuingiza samaki wapya. Penye ugonjwa, samaki wote waliondolewa.

Miaka minne baadaye, visa vipya viliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, ilhali virusi vyenyewe vilikuwa bado havijapatikana.

Wanaofahamu historia ya tiba watakumbuka daktari John Snow wa London. Mwaka wa 1854 aliwashawishi wakuu wa mtaa wake kuondoa mpini wa pampu ya maji iliyokuwa ikisambaza kipindupindu. Hiyo ilikuwa kama miaka 30 kabla ya Robert Koch kuonyesha ulimwengu bakteria wanaosababisha ugonjwa huo.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa ugonjwa unaweza kuzuiwa bila kujua kinachouleta, kuna haja gani ya kutumia miaka na fedha nyingi kuvisaka virusi? Jibu ni kwamba usafi peke yake hukuonyesha ugonjwa pale tu samaki wanapoanza kufa. Hauwezi kukuambia ni samaki yupi aliye mzima kwa sura lakini amebeba virusi, mayai yapi ni salama kununuliwa, wala ugonjwa ulitoka shamba gani. Na huwezi kutengeneza chanjo ya kitu usichokijua.

Hatua kwa hatua maabarani

Kazi ya kufichua virusi huanza shambani. Kitu cha kwanza ni kutofautisha ugonjwa na ukosefu wa hewa majini. Samaki wakikosa oksijeni, kwa kawaida hufa ghafla, usiku wa manane au alfajiri, na wakubwa ndio hutangulia. Sumu nayo huua samaki wa kila aina bila kuchagua. Virusi mara nyingi huchagua aina moja ya samaki au rika moja, na vifo huongezeka siku baada ya siku.

Baada ya hapo huchukuliwa samaki wa kupimwa. Anayefaa zaidi ni yule mgonjwa ambaye bado yu hai. Samaki aliyekufa usiku na kushinda juani hadi adhuhuri hana faida kwa mchunguzi, kwani bakteria wa uozo huwa wamekwisha kumvamia. Vipande vya figo, ini, bandama, moyo, mashavu na ubongo hutolewa. Vingine huwekwa kwenye barafu, vingine kwenye fomalini na vingine kwenye spiriti, kila kimoja kwa kipimo chake.

Vile vya fomalini hukatwa vipande vyembamba mno na kutazamwa kwa darubini ya kawaida. Darubini hiyo haionyeshi virusi, bali huonyesha uharibifu vilioufanya. Fundi aliyezoea anaweza kusema kama adui ameharibu mishipa ya damu, figo au ubongo.

Kuviona virusi vyenyewe kunahitaji darubini ya elektroni. Virusi vya ISA vina upana wa kama nanomita 100. Ukivipanga mstari mmoja, itabidi uwe na 10,000 ndipo ufikishe urefu wa milimita moja.

Vipande vya barafu husagwa, na majimaji yake huchujwa kwa kichujio chenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawapenyi. Majimaji hayo hutiwa kwenye chupa za seli na kuangaliwa kwa wiki moja, mbili au zaidi. Virusi vikiwemo, mara nyingi seli huvimba, hujikunyata na kubanduka kutoka sakafu ya chupa.

Siku hizi kuna njia ya haraka zaidi, nayo ni kipimo cha PCR, ambacho Wakenya wengi walikifahamu wakati wa janga la corona lililotufikia mwaka wa 2020. Kipimo hiki hutafuta kipande kidogo cha taarifa za urithi za virusi na kukirudufu mara mamilioni mpaka kionekane. Matokeo hupatikana kwa saa chache badala ya wiki. Isitoshe, herufi za urithi zikisomwa zote, wataalamu wanaweza kulinganisha virusi vya nchi moja na vya nyingine, kama vile polisi wanavyolinganisha alama za vidole.

Hata hivyo, PCR ina mtego wake. Kuona alama ya virusi si sawa na kuthibitisha ugonjwa. Kwa mfano, imegunduliwa kwamba kuna aina ya virusi vya ISA ambayo hukaa kwenye mashavu ya samoni bila kumdhuru. Aina hii huitwa HPR0. Wataalamu wanaamini kwamba ile inayoua hutokana nayo, baada ya virusi kupoteza sehemu fulani ya taarifa zao za urithi. Kwa sababu hiyo, mfugaji mwenye HPR0 hana haja ya kuua samaki wake wote, lakini pia hawezi kulala usingizi.

Ushahidi wa mwisho bado ni ule wa zamani uliohusishwa na Koch. Kiini kipatikane kwa wagonjwa, kitengwe, kitiwe kwa wazima nao waugue vivyo hivyo, kisha kipatikane tena ndani yao.

Chile yaona cha mtema kuni

Ugonjwa wa ISA haukubaki Norway. Ulionekana mashariki mwa Kanada mwaka wa 1996, Scotland mwaka wa 1998, visiwa vya Faroe mwaka wa 2000 na jimbo la Maine nchini Marekani mwaka wa 2001. Scotland iliung'oa kwa kuwaondoa samaki wa mashamba yaliyoambukizwa, nayo Faroe ikapanga upya ufugaji wake wote na kuanza kuchanja samaki.

Pigo kubwa lilikuwa la Chile. Nchi hiyo haina samoni wa asili, lakini kwa muda wa miaka michache ilikuwa imepanda hadi nafasi ya pili duniani kwa ufugaji wake, nyuma ya Norway. Mashamba yalijazana karibu karibu kwenye ghuba za kusini, na mayai mengi yaliagizwa kutoka ng'ambo. Mwaka wa 2007, ISA ilithibitishwa kwenye shamba moja karibu na kisiwa cha Chiloé.

Ugonjwa ulienea kama moto wa nyika. Kabla ya hapo Chile ilikuwa ikitoa tani zipatazo 400,000 za samoni wa Atlantiki kwa mwaka. Kufikia 2010 kiasi hicho kilikuwa kimeporomoka hadi karibu robo. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, wengi wao wanawake waliokuwa wakisafisha na kupakia samaki viwandani.

Uchunguzi wa taarifa za urithi ulionyesha kwamba virusi vya Chile vilifanana na vile vya Norway. Baadhi ya wataalamu walisema vilisafiri ndani ya mayai, hoja iliyozua ubishi mkali baina ya wanasayansi na wafanyabiashara. Hata hivyo, Chile ilibadilisha sheria zake. Mashamba yaligawanywa kwa maeneo, na yaliyo katika eneo moja yakatakiwa kuvuna na kupumzika kwa wakati mmoja. Uagizaji wa mayai ulibanwa na upimaji ukawa wa lazima. Miaka michache baadaye samoni walirudi kwa wingi, lakini wafanyakazi walikuwa tayari wamelipia somo hilo.

Virusi vya maji ya joto

Msomaji wa Mombasa au Malindi anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya nchi za theluji. Si hivyo. Bahari za joto zina virusi vyao, na mojawapo ya vibaya zaidi ni betanoda, ambavyo huharibu ubongo na macho ya samaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, vituo vya kuangulia vifaranga nchini Japani vilikumbwa na vifo vya ajabu. Vifaranga vya samaki aitwaye shima-aji, ambaye ni jamaa wa kolekole, vilikuwa vikiogelea kwa kuzunguka kama pia, vikipinduka na kufa katika siku za kwanza baada ya kuanguliwa. Mara nyingine vilikufa vyote. Wakati huo huo, Australia ilikuwa na tatizo kama hilo kwa barramundi, samaki wa ukoo mmoja na mbuta wa Ziwa Victoria.

Chini ya darubini, ubongo na retina za vifaranga hivyo zilikuwa zimejaa matundu mithili ya sifongo. Virusi vilivyopatikana vilikuwa vidogo sana, nanomita 25 hadi 30 tu. Baadaye ilibainika kwamba viko vya aina kadhaa. Aina moja hupendelea maji ya nyuzi 25 hadi 30, joto ambalo si geni kwa bahari yetu, na hushambulia samaki wengi wakiwemo chewa.

Wajapani walifanya kazi ya kuigwa. Kwa kutumia PCR, waligundua kwamba samaki wazazi walioonekana wazima walikuwa wamebeba virusi kwenye viungo vya uzazi na kuwapa watoto wao. Walianza kupima kila mzazi kabla ya kutaga na kuwaondoa walioambukizwa. Aidha, waliacha kuwalazimisha wazazi kutaga mara nyingi mno, kwa kuwa uchovu ulichochea virusi, na wakaosha mayai kwa maji ya bahari yaliyosafishwa kwa gesi ya ozoni. Vifo vilipungua sana.

Je, binadamu anaweza kuambukizwa?

Hili ndilo swali ambalo mnunuzi sokoni angependa lijibiwe kwanza. Hakuna ushahidi kwamba virusi vya ISA au vile vya limfosisti vimewahi kumletea binadamu ugonjwa. Virusi vya ISA huzaana vizuri kwenye baridi ya nyuzi 10 hadi 15 na hushindwa maji yakipita kiasi cha nyuzi 25. Mwili wa binadamu una nyuzi 37. Ingawa ni jamaa wa mafua yetu, kwetu havina makao.

Hata hivyo, hiyo haina maana kwamba samaki yeyote ni salama. Samaki mgonjwa ni dhaifu na huoza upesi. Wako bakteria wa majini wanaoweza kuingia kwenye kidonda cha anayepaa samaki. Jodari na samaki wengine wa jamii yake wakikosa barafu hutengeneza kemikali ya histamini, ambayo huleta mwasho, kuumwa na kichwa na kutapika, na haiondoki hata ukimpika samaki vipi. Nunua samaki mwenye macho angavu, mashavu mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza, na uvae glavu kama una jeraha mkononi.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana sokoni. Mfugaji ambaye hajui kinachoua samaki wake anaweza kushawishika kuwapa antibiotiki. Dawa hizi haziui virusi hata kidogo. Kinachobaki ni mabaki ya dawa kwenye nyama, na bakteria waliozoea dawa, ambao wanaweza kuwafikia binadamu na kufanya matibabu ya hospitalini yasifaulu. Norway ilitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwa samaki mwaka wa 1987. Baada ya kupata chanjo dhidi ya magonjwa ya bakteria, kiasi hicho kimeshuka hadi chini ya tani moja kwa mwaka, ingawa samaki wanaofugwa wameongezeka maradufu mara kadhaa. Kwa hivyo kupima ugonjwa kabla ya kutoa dawa ni kinga kwa mlaji pia.

Pwani yetu

Nchini Kenya, ufugaji wa baharini bado ni mchanga. Vikundi vya wanakijiji, wanawake na vijana wengi wakiwemo, hufuga mwatiko kwenye vidimbwi vilivyochimbwa nyuma ya mikoko huko Mtwapa, Kilifi, Ngomeni na Majoreni. Vidimbwi hivyo hujazwa na maji ya bamvua, na kwa miaka mingi vifaranga vimekuwa vikinaswa baharini na kwenye vijito vya pwani. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, yenye makao yake Mombasa, imekuwa ikiwafunza wafugaji hawa.

Uchanga huo una heri yake, kwa kuwa nafasi ya kujikinga bado ipo. Lakini majirani zetu wametuonyesha hatari. Mwaka wa 2011, virusi vya madoa meupe, ambavyo huua kamba na si samaki, viliingia kwenye mashamba ya Msumbiji. Mwaka uliofuata vilionekana Madagaska. Biashara iliyokuwa ikileta fedha za kigeni ilivunjika vibaya. Na katika maji baridi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulikuta alama za virusi vya tilapia kwenye samaki wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na Tanzania, ingawa samaki wenyewe hawakuonekana wagonjwa.

Virusi havina pasipoti. Njia inayovivusha bahari kwa urahisi zaidi ni biashara ya vifaranga, mayai na wazazi wanaosafirishwa bila kupimwa. Kadiri ufugaji wa pwani unavyokua, kishawishi cha kuagiza vifaranga vya bei nafuu kutoka ng'ambo kitakua pia. Wakati wa kujenga uwezo wa kupima ni sasa, kabla ya kisa cha kwanza. Norway ilikuwa na maabara na fedha, na bado ilichukua miaka 11.

Mfugaji afanye nini?

Kwa bahati nzuri, hatua zilizoiokoa Norway kabla virusi havijajulikana hazihitaji mitambo ya bei ghali. Wataalamu wa afya ya samaki husisitiza mambo yafuatayo:

Weka daftari la vifo. Andika kila siku ni samaki wangapi wamekufa, wa ukubwa gani, na hali ya maji ilikuwaje. Bila daftari, huwezi kujua kama vifo vinaongezeka.

Ondoa samaki waliokufa kila asubuhi na uwazike mbali na maji. Usiwatupe kwenye kijito wala kuwalisha samaki wengine.

Usiazime nyavu na ndoo za shamba lingine kabla ya kuziosha kwa dawa na kuzianika juani hadi zikauke kabisa.

Usichanganye vifaranga vipya na samaki wa zamani. Vitenge kwanza na uviangalie kwa wiki kadhaa.

Baada ya kuvuna, kausha kidimbwi na ukiache kipumzike.

Ukiona samaki wakizunguka, wakipinduka au kupauka mashavu, mwite afisa wa uvuvi au wa mifugo wa kaunti siku hiyo hiyo. Mwonyeshe samaki mgonjwa aliye hai. Kama huna budi kumpeleka mwenyewe, mtie ndani ya mfuko safi wa plastiki, umzungushie barafu na umfikishe kabla ya siku kuisha. Usimgandishe kwenye friza, kwani kuganda huharibu seli ambazo mchunguzi anataka kuziona.

Na usitie dawa yoyote majini kabla hujaambiwa samaki wako wanaugua nini.